Bega Lililoganda: Dalili, Tiba na Uhusiano Wake na Kisukari

Bega lililoganda ni hali ambayo kiungo cha bega huanza kuuma, kisha hukakamaa hatua kwa hatua hadi mkono ukashindwa kuinuka, kugeuka nje au kufika mgongoni. Hali hii haiambukizi na haiui, lakini huweza kumzuia mtu mzima kutekeleza shughuli zake za kila siku kwa muda wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mama hushindwa kumsuka mtoto nywele, fundi ujenzi hushindwa kupiga lipu juu ya usawa wa kifua, mwalimu hushindwa kuandika sehemu ya juu ya ubao, na wengi hushindwa hata kuvaa shati au kufunga khanga bila kusaidiwa.

Inakadiriwa kuwa asilimia 2 hadi 5 ya watu hupatwa na hali hii katika maisha yao. Miongoni mwa watu wenye kisukari kiwango hicho ni kikubwa zaidi, na makadirio mengi hukiweka kati ya asilimia 10 na 20. Kwa sababu hiyo, bega linalokakamaa bila sababu ya wazi halipaswi kuchukuliwa kuwa uchovu wa kazi au uzee tu. Linaweza kuwa dalili ya kwanza inayomfikisha mgonjwa kituoni na kumwezesha kugundua kuwa sukari katika damu yake imepanda.

Namna bega linavyoganda

Bega ni kiungo chenye uwezo wa kujongea pande nyingi kuliko viungo vyote vya mwili. Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono, chenye umbo la mpira, hukaa katika kishimo kifupi kilichopo kwenye kombe la bega. Kiungo hicho huzungukwa na mfuko mwembamba wa nyuzi ambao kwa kawaida huwa umelegea, hasa upande wa kwapa. Kulegea huko ndiko kunakomwezesha mtu kuinua mkono hadi juu ya kichwa.

Bega linapoganda, utando wa ndani wa mfuko huo huvimba na kuuma. Baadaye seli zinazotengeneza nyuzi za kovu huongezeka, mfuko huwa mnene, hujikunja na kupoteza ulegevu wake. Nafasi ndani ya kiungo hupungua, na mkono hufungwa kutoka ndani kana kwamba umeshonwa. Mifupa yenyewe huwa haijavunjika wala kulika, na misuli huwa haijapooza. Ndiyo maana mgonjwa hushindwa kuinua mkono kwa nguvu zake mwenyewe, na hata mtu mwingine akijaribu kumwinulia, mkono hukwama mahali palepale.

Hali hii imefahamika kitabibu kwa muda mrefu. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Simon-Emmanuel Duplay, aliieleza mwaka 1872. Jina la bega lililoganda lilitolewa mwaka 1934 na Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani. Mwaka 1945 Julius Neviaser, naye wa Marekani, alionesha kuwa chanzo cha kukakamaa huko ni mfuko wa kiungo uliovimba na kunenepa. Nchini Japani hali hii huitwa bega la miaka hamsini, kwa kuwa huwapata zaidi watu wa umri huo.

Walio katika hatari zaidi

Wengi wanaopatwa na hali hii wana umri wa miaka 40 hadi 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mara nyingi huanza bila ajali wala kazi nzito iliyotangulia. Hata hivyo, yapo mazingira yanayoongeza uwezekano wa kuipata.

La kwanza ni kisukari. Sukari inapokuwa juu katika damu kwa muda mrefu, hushikamana na nyuzi za kolajeni zinazounda mfuko wa kiungo na kuzifanya kuwa ngumu. Watu wenye kisukari hupata bega lililoganda wakiwa na umri mdogo zaidi, huweza kupatwa mabega yote mawili, na hupona taratibu kuliko wengine. Jambo hili lina uzito kwa Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kuwa takribani asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Umri huo ndio pia ambao bega huganda zaidi.

La pili ni magonjwa ya tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, iwe inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. La tatu ni kukaa muda mrefu bila kutumia mkono, kwa mfano baada ya kuvunjika mfupa, baada ya upasuaji wa titi au wa moyo, au baada ya kiharusi kilichodhoofisha upande mmoja wa mwili. Mtu aliyewahi kuganda bega moja pia ana uwezekano wa kupatwa na bega la pili katika miaka inayofuata, ingawa ni nadra kwa bega lililopona kuganda tena.

Hatua tatu za ugonjwa

Hatua ya kwanza ni ya maumivu. Huchukua miezi miwili hadi tisa. Maumivu huanza polepole, husikika upande wa nje wa bega na kushuka hadi karibu na kiwiko, na huzidi usiku. Mgonjwa hushindwa kulalia upande ulioathirika na hushtushwa na maumivu makali anapofanya mjongeo wa ghafla. Mwishoni mwa hatua hii bega huanza kukaza.

Hatua ya pili ni ya kukakamaa. Huchukua miezi minne hadi kumi na miwili. Maumivu ya usiku hupungua, lakini mkono hujongea kwa kiwango kidogo sana. Kugeuza mkono kuelekea nje huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni ndiko kunakoathirika zaidi.

Hatua ya tatu ni ya kulegea. Mjongeo hurudi kidogo kidogo katika kipindi cha miezi sita hadi miaka miwili. Wagonjwa wengi hurudia shughuli zao za kawaida, ingawa baadhi hubaki na ukakasi kidogo au maumivu hafifu kwa miaka kadhaa.

Kuzifahamu hatua hizi ni sehemu ya tiba. Mgonjwa asiyeelezwa kuwa safari ni ndefu huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine kila baada ya wiki chache, hutumia fedha nyingi, na mwishowe hukata tamaa wakati bega lake lilikuwa limekwisha kuanza kulegea.

Namna hali hii inavyotambuliwa

Bega lililoganda hutambuliwa kwanza kwa mahojiano na uchunguzi wa mikono ya mtaalamu, si kwa mashine. Mtoa huduma humwomba mgonjwa ainue mkono, augeuze nje na kuupeleka mgongoni, kisha hurudia mijongeo hiyo kwa kuushika mkono yeye mwenyewe. Iwapo mkono unakwama katika hali zote mbili, na hasa iwapo hauwezi kugeuka nje, uwezekano wa bega lililoganda ni mkubwa. Iwapo mtaalamu anaweza kuuinua mkono ambao mgonjwa mwenyewe hawezi kuuinua, huenda tatizo ni kano iliyochanika au udhaifu wa misuli au mishipa ya fahamu.

Picha ya eksirei hupigwa ili kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine. Katika bega lililoganda picha hiyo kwa kawaida huonesha mifupa isiyo na kasoro. Eksirei huweza kubaini bega lililoteguka kwa nyuma, jambo linaloweza kutokea baada ya degedege la kifafa au kupigwa na umeme, na ambalo pia huzuia mkono kugeuka nje. Huweza pia kuonesha kichwa cha mfupa kilichoharibika kwa kukosa damu, hali inayowapata baadhi ya watu wenye selimundu, pamoja na dalili za kifua kikuu cha viungo, kulika kwa kiungo au saratani.

Kipimo kingine muhimu ni cha sukari katika damu, ambacho hupatikana hata katika vituo vya ngazi ya chini. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kisukari huthibitishwa iwapo sukari kabla ya kula ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kwa mtu asiye na dalili nyingine kipimo hurudiwa siku nyingine. Kila mtu mzima mwenye bega lililoganda ambaye hajui hali yake ya sukari anashauriwa kupima. Faida ya kipimo hicho inavuka mipaka ya bega, kwa kuwa kisukari kisichotambuliwa huharibu macho, figo, miguu na moyo.

Tiba ya maumivu

Tiba hutegemea hatua ambayo mgonjwa amefikia. Katika hatua ya kwanza lengo kuu ni kupunguza maumivu na kumwezesha mgonjwa kulala. Dawa kama parasetamo au ibuprofeni hutumika. Ibuprofeni na dawa za jamii yake hazifai kutumiwa bila ushauri wa mtaalamu na watu wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au shinikizo la juu la damu, wala na wajawazito.

Kitambaa chenye joto, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, huweza kuwekwa begani kwa dakika 10 hadi 15. Watu wenye kisukari waliopoteza hisia za ngozi wanapaswa kupima joto hilo kwa mkono usio na tatizo au kusaidiwa na mtu mwingine ili wasiungue. Usiku, mto uliowekwa chini ya mkono huku mgonjwa akilala chali, au aliokumbatia akilalia upande mzima, hupunguza mvutano wa bega.

Daktari anaweza kushauri sindano ya steroidi ndani ya kiungo. Sindano hiyo hufaa zaidi katika hatua ya kwanza, na hutoa nafuu kwa wiki kadhaa hadi miezi michache, hasa ikiambatana na mazoezi. Kwa mtu mwenye kisukari, huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo anapaswa kumweleza daktari hali yake na kupima sukari mara kwa mara katika kipindi hicho. Sindano hii hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa, katika mazingira safi, kwa kuwa vijidudu vikiingia ndani ya kiungo madhara yake ni makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Vidonge vya steroidi visivyo na cheti cha daktari, pamoja na dawa za maumivu zisizo na maandishi ya kuonesha kilichomo, havipaswi kutumiwa.

Mazoezi: kiasi kinachofaa

Watu wengi huamini kuwa bega lililokaza linapaswa kuvutwa kwa nguvu hadi lifunguke. Wengine huenda kwa wachuaji ambao hulivuta bega huku mgonjwa akipiga kelele. Katika hatua ya maumivu, kufanya hivyo huongeza uvimbe ndani ya kiungo na huweza kuchana kano au kuvunja mfupa uliodhoofika.

Utafiti uliofanywa nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 77 kwa miaka miwili. Kundi moja lilipewa mazoezi makali yaliyovuka kiwango cha maumivu. Kundi la pili lilielezwa hali ya ugonjwa na kufanya mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu. Mwishoni mwa kipindi hicho, asilimia 89 ya kundi la mazoezi mepesi walikuwa na bega lililorudi katika hali ya kawaida au karibu na kawaida, ikilinganishwa na asilimia 63 ya waliofanya mazoezi makali.

Hata hivyo, kuacha kabisa kutumia mkono nako kuna madhara. Mkono unaofungwa kwa kitambaa shingoni kwa wiki nyingi hukaza zaidi na misuli yake hupungua. Mgonjwa anashauriwa kuendelea kutumia mkono kwa kazi nyepesi zilizo chini ya usawa wa bega, na kufanya mazoezi mafupi mara mbili hadi tatu kwa siku kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Yafuatayo ni mazoezi yanayofundishwa mara nyingi, na hayahitaji vifaa vya kununua.

Kuning'iniza mkono: Mgonjwa huinama na kuegemea meza kwa mkono mzima, huacha mkono wenye tatizo uning'inie, kisha huuzungusha taratibu kwa duara la ukubwa wa sahani, mara kumi kila upande. Zoezi hili hufaa hata katika hatua ya kwanza.

Kupanda ukuta kwa vidole: Mgonjwa husimama akitazama ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo hadi pale maumivu yanapoanza, husubiri kwa muda mfupi, kisha hushusha mkono. Alama ndogo ya chaki ukutani humsaidia kuona maendeleo ya wiki hadi wiki.

Kusukuma kwa fimbo: Mgonjwa hulala chali au huketi, viwiko vikiwa ubavuni, akashika fimbo au mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili. Mkono mzima husukuma fimbo ili mkono wenye tatizo ugeuke nje taratibu.

Kuvuta khanga mgongoni: Khanga au taulo hupitishwa nyuma ya mgongo, mkono mzima ukishika ncha ya juu na mkono wenye tatizo ukishika ncha ya chini. Mkono wa juu huvuta polepole. Zoezi hili ni la hatua ya pili na ya tatu, maumivu makali yakiwa yamepungua.

Kipimo cha kiasi ni rahisi. Mvutano au maumivu kidogo wakati wa zoezi ni jambo la kawaida. Iwapo maumivu yanaendelea kwa saa kadhaa baadaye, au mgonjwa anashindwa kulala usiku ule, zoezi lilizidi na linapaswa kupunguzwa siku inayofuata.

Iwapo bega halifunguki

Wagonjwa wachache hubaki na mkono uliokakamaa licha ya miezi mingi ya tiba. Kwao zipo njia za hospitali kubwa. Mojawapo ni kuingiza maji maalumu ndani ya kiungo ili kuutanua mfuko uliojikunja. Nyingine ni kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kulijongeza bega kwa uangalifu. Ya tatu ni upasuaji wa matundu madogo, ambapo daktari hutumia kamera nyembamba kuukata mfuko ulionenepa.

Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 35 nchini Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2020, ulilinganisha njia tatu kwa wagonjwa 503: upasuaji wa matundu, kujongeza bega chini ya dawa ya usingizi, na mpango wa fiziotherapia ulioambatana na sindano ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa wa makundi yote matatu walikuwa wamepata nafuu kubwa, na hakuna njia iliyoizidi nyingine kwa kiwango chenye maana kwa mgonjwa. Madhara makubwa yalikuwa machache, lakini mengi yao yalitokea kwa waliofanyiwa upasuaji. Matokeo hayo yanaonesha kuwa mwananchi anayeishi mbali na hospitali ya upasuaji hajakosa tiba ya msingi, iwapo atapata maelekezo sahihi, dawa ya maumivu na mazoezi yanayofuatiliwa.

Dalili zinazohitaji huduma ya haraka

Si kila maumivu ya bega ni bega lililoganda. Maumivu ya bega la kushoto au mkono wa kushoto yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho jingi au kupumua kwa shida huweza kuwa mshtuko wa moyo, na mgonjwa anapaswa kupelekwa hospitali mara moja. Vilevile, huduma inapaswa kutafutwa bila kuchelewa iwapo bega limevimba, ni jekundu na mgonjwa ana homa. Iwapo maumivu yameanza baada ya kuanguka, ajali au degedege. Iwapo mkono umepoteza nguvu au hisia. Au iwapo mgonjwa anapungua uzito, anatokwa jasho usiku au ana uvimbe unaokua.

Mahali pa kuanzia

Mwenye maumivu ya bega yaliyodumu kwa wiki kadhaa, huku mkono ukizidi kukaza, anashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Huko ataweza kuchunguzwa, kupima sukari na kupewa dawa ya maumivu. Inapohitajika, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa kwa ajili ya eksirei na fiziotherapia. Wachache wanaohitaji upasuaji hupelekwa katika hospitali za kanda au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Mgonjwa anapaswa kwenda na kumbukumbu za dawa anazotumia na kueleza iwapo ana kisukari, tatizo la thairoidi, au amewahi kupata ajali au upasuaji.

Hakuna chanjo wala dawa ya kuzuia bega lisigande. Yapo, hata hivyo, mambo yanayopunguza uwezekano huo: kudhibiti sukari kwa wenye kisukari, kutibu magonjwa ya thairoidi, na kuanza kujongeza bega mapema, kwa ruhusa ya daktari, baada ya kuvunjika, upasuaji au kiharusi. Familia inayomhudumia mgonjwa wa kiharusi inahimizwa kutomvuta kwa mkono uliodhoofika anapoinuliwa kitandani, na kuujongeza taratibu kila siku kama ilivyoelekezwa na mtaalamu.

Bega lililoganda hupona kwa wagonjwa walio wengi. Kupona huko huhitaji muda, matumizi ya mkono yasiyovuka maumivu, na ufuatiliaji wa maradhi mengine ambayo huenda yamejificha nyuma yake. Wananchi wanahimizwa kupima sukari, kufuata maelekezo ya wataalamu, na kutoruhusu bega lao livutwe kwa nguvu na mtu asiye na mafunzo.